Kurudi Kwenye Kiti cha Msoma Ramani

Bwana asifiwe, ndugu zangu, ninyi mlioko mbele na ninyi mlioko kule nyuma mlangoni. Naitwa Skolastika, wa jumuiya ya hapa hapa Ifakara. Wengi mnanijua kama yule mama wa baiskeli. Leo nimesimama kueleza kwa nini nilikuwa mama wa baiskeli, na kwa nini siku hizi mnaniona nikishuka kwenye gari kama watu wengine. Sitalia na sitapaza sauti. Nitaeleza ilivyokuwa, na utukufu ni wa Mungu.

Baba yangu, mzee Fidelisi, alikuwa fundi magari. Alizaliwa upande wa Mahenge, akateremkia Ifakara akiwa kijana, akafungua gereji yake. Miongoni mwa wateja wake alikuwepo mhandisi mmoja mgeni wa kwenye mashamba ya miwa. Huyo mgeni alikuwa na gari la mashindano: milango miwili, boneti ndefu, na limekaa chini mno, mtu mzima akitaka kuingia sharti ajikunje. Hata wakati ule lilikuwa gari la zamani. Mkataba wake ulipokwisha hakutaka kulisafirisha, na hakutaka limwangukie mtu wa kulibebea mkaa. Akamwachia Baba, kwa sababu alikuwa amemwona anavyolifuta.

Rangi yake ilikuwa kahawia ya dhahabu, na tukaliita Sheshe, kwa jina la yule mnyama wa jamii ya swala wa mbugani kwetu. Mama hakulipenda. Alisema nyumba inavuja, sisi ni wanne, na Baba ameleta gari la watu wawili lenye kiti cha nyuma cha kukaa kuku. Lakini Jumamosi alikuwa anabeba beseni mwenyewe kwenda kuliosha, na vioo hakumruhusu mtu mwingine kuvigusa.

Baba alikwenda nalo kwenye mashindano, Morogoro na Iringa. Wenzake walileta magari yao juu ya malori. Sisi tulikwenda na Sheshe lile lile la kushindania, sufuria na mchele nyuma. Mwanzoni msoma ramani wake alikuwa kaka yangu Beda, ila Beda kona zilikuwa zinamtapisha. Ndipo Baba akaniweka mimi, msichana ambaye nilikuwa nimetoka tu shuleni. Watu walisema maneno. Baba akaniambia nifunge mkanda.

Kwa wasioijua kazi hiyo, msoma ramani anamwambia dereva barabara ilivyo kabla dereva hajaiona. Unapita njia polepole siku za kabla, unaishika yote, halafu siku ya mashindano unaisoma kwa sauti: kulia kali, nyoosha, daraja jembamba, shika katikati. Kwenye vumbi Baba hakuwa anaona mbele. Alikuwa ananisikiliza mimi. Ndugu zangu, sijawahi kuaminiwa na mtu namna ile, tangu siku hizo.

Iringa mwaka mmoja tulishika nafasi ya pili. Tuliporudi, watu wa sokoni walitoka kutuangalia, na Mama, ambaye hakulipenda gari, alipika wali na samaki wa mto akagawa mpaka kwa majirani wasiosalimiana naye.

Sasa nije kwenye ajali. Ulikuwa msimu wa kupalilia mpunga. Tulikuwa tunajizoeza kwenye barabara ya kwenda Mbingu, tumeshapita Idete. Mvua ilikuwa imenyesha. Palikuwa na kona kali ya kushoto, mteremko, kisha daraja la magogo. Niliisoma vizuri na Baba aliikata vizuri, ila magogo yalikuwa na utelezi. Sheshe liliteleza ubavu, likapinduka, likatua mtoni miguu juu.

Baba alizimia. Mimi nilikuwa ninaning'inia kwenye mkanda, kichwa chini. Maji yalikuwa yanaingia kwa mlango wangu. Yalifika kwenye nywele, yakafika kwenye paji la uso, yakafika kwenye macho. Nikayafumba. Wanawake waliokuwa wakipalilia walisikia kishindo wakaja mbio, na mmoja wao akapitisha kisu akakata mkanda. Walitutoa wote wawili. Baba alivunjika mkono na mbavu. Mimi sikuwa na jeraha la kufunga bandeji. Watu wakasema nimepona.

Sikuwa nimepona. Nililetwa nyumbani kwenye kitanda cha kamba, nikadhani ni uchovu tu. Wiki chache baadaye nilipanda basi, nikakaa, kondakta akafunga mlango. Nikasikia maji, ndugu zangu, ndani ya basi kavu. Nikapiga mlango mpaka wakanishusha. Tangu siku hiyo sikuweza kukaa ndani ya chombo chochote chenye mlango wa kufungwa. Gari, basi, hata treni.

Mtu huzoea. Nilinunua baiskeli. Siku ya ndoa yangu nilikwenda kanisani kwa miguu, gauni nimelishika mkononi, na mume wangu, Mungu amrehemu, akatembea nami bila kuuliza. Baba alinyoosha bodi ya Sheshe, akaliwasha, akaliingiza bandani, akalifunika turubai. Hakushindana tena. Mimi na yeye tulisalimiana kila asubuhi, shikamoo Baba, marahaba mwanangu, na hatukuzungumza juu ya mto ule.

Niliombewa, na wengine mlioniombea mko hapa. Palikuwa na walioyakemea mapepo. Shangazi yangu alinipeleka kwa mganga, akanipa dawa ya kuoga. Kila mara nilirudi nyumbani kwa baiskeli.

Kisha Mama alifariki. Alikuwa amekwenda kwao Mahenge kumuuguza dada yake, akaugua yeye. Habari ilinifika asubuhi. Gari la msiba liliondoka, nikawaambia watangulie. Nikapanda baiskeli. Siku hizo tulikuwa tunavuka mto kwa pantoni, na pantoni lilichelewa. Milima ile niliisukuma baiskeli zaidi ya kuipanda. Nilipofika, kaburi lilikuwa limefukiwa na watu wameanza kula. Baba alisogea kidogo kwenye mkeka ili nipate pa kukaa.

Miaka ikaenda. Magoti yangu yakachoka, daktari akanikataza baiskeli ya safari ndefu. Na hapo ndipo binti yangu Tumaini, ambaye ni mwalimu kule Mbingu, aliposema amepata mchumba na ndoa itafungwa huko huko. Nikamwambia nitamwombea nikiwa nyumbani. Akasema sawa Mama, akakata simu.

Baba alikuwa amekaa barazani akisikia. Alikuwa mzee sana, macho yameingia ukungu, anatambua watu kwa sauti. Akaniita, akasema, "Skola, ulikosa kumzika mama yako. Harusi hii hutaikosa."

Nikamwambia, "Baba, siwezi."

Akasema, "Sijakwambia upande gari. Njoo tusali."

Akanipeleka bandani. Akaondoa turubai kwa kupapasa, akaingia kwenye kiti cha dereva, akatoa rozari yake. Hakunivuta. Mimi nilisimama nje, mkono juu ya mlango, tukasali fumbo moja, Salamu Maria kumi, tukatoka. Kesho yake tena. Ilipita muda kabla sijakaa, na nilipokaa niliacha mlango wazi na mguu mmoja chini. Baba alisali tu. Baadaye nilifunga mlango mwenyewe, nikaufungua hapo hapo. Siku nyingine ukafungwa mpaka mwisho wa fumbo. Kisha akamwita fundi aliyerithi gereji yake, akasafisha kabureta, na injini ikaunguruma tukiwa tumekaa. Nilishika kitasa, lakini nilikaa. Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimengoja Mungu aniondolee hofu kwa siku moja, kwa kishindo. Yeye alikuwa akinifundisha kukaa.

Siku ya harusi Beda alikuja kuendesha. Baba alikuwa amekonda kiasi cha kuenea kile kiti cha nyuma. Mimi nikaingia mbele, kwenye kiti changu cha zamani. Sikuomba sala ndefu. Nilisema, Bwana, mimi siwezi, shika wewe.

Mpaka Idete nilikwenda nimefumba macho. Baada ya Idete nilijua tulipo hata bila kuangalia. Nikasikia maji. Nikamwambia Beda simama, akasimama, nikafungua mlango nikatoa mguu. Nilikuwa nimeamua kurudi kwa miguu.

Ndipo Baba akaanza kusoma barabara kutoka kule nyuma, kwa sauti yake ya kizee, taratibu, "Kushoto kali. Mteremko. Daraja la magogo, shika katikati."

Nikainua macho nikaangalia mbele. Nikamwambia, "Siyo hivyo, Baba. Kona imenyooshwa."

"Imenyooshwa mpaka wapi?"

"Mpaka darajani."

"La magogo?"

"La zege. Lina kingo pande zote."

Kisha akasema, "Basi nisomee, mwanangu. Mimi sioni."

Nikaingiza mguu, nikafunga mlango. Nikamsomea. Nyoosha. Mteremko mdogo. Daraja pana, maji yako chini, mbali. Beda aliondoka polepole kama anayebeba mayai. Nilikuwa nikisoma tulipolipanda daraja, nikasoma tulipokuwa katikati, nikasoma tulipotoka. Sikujua tumevuka mpaka nilipojikuta ninasoma mashamba ya mpunga ya upande wa pili. Na yale maji sikuyasikia tena. Bwana asifiwe! Nilimsomea Baba kila kona mpaka Mbingu. Nilipofika sauti ilikuwa imekauka.

Tumaini alikuwa nje ya kanisa na wasimamizi wake, shela limeshushwa. Alilisikia gari kabla ya kuliona. Sheshe alilijua likiwa chini ya turubai tu. Aliponiona ninajikunjua kutoka mlangoni alilipandisha shela kwa mikono miwili, na wasimamizi wakalalamika kwamba anaharibu nywele.

Akauliza, "Mama, nani amekuleta?"

Nikamwambia, "Babu yako." Na Baba, aliyekuwa bado anahangaika kutoka kiti cha nyuma, akasema hapana, aliyemleta ni mwingine, yeye ni abiria.

Baba alifariki mwaka jana baada ya mavuno. Alitaka alazwe Mahenge kando ya Mama. Nilikaa kwenye gari la msiba, karibu na jeneza, milango imefungwa, kutoka hapa Ifakara, tukapita daraja jipya pale palipokuwa na pantoni, tukapanda milima mpaka makaburini. Nilikuwepo kabla kaburi halijafunikwa. Nilitupa udongo kwa mkono wangu.

Bado kuna siku mlango ukifungwa ninashtuka. Sitaki kudanganya mbele ya madhabahu. Lakini ninakaa, na Mungu anakaa nami, na mshtuko unapita.

Namshukuru Mungu kwa wanawake wale wa shambani, ambao sijui hata majina yao. Namshukuru kwa baba yangu na kwa kaka yangu Beda. Na wewe uliye hapa, ambaye kuna mahali huwezi kupita au kitu huwezi kukishika, na umeombewa ukarudi nyumbani vile vile, usiseme Mungu amekukataa. Mwamini. Misa ikiisha nitakuwa kwenye benchi lile la nje, upande wa kisima. Njoo. Huna haja ya kunieleza ni hofu ya nini. Tutasali fumbo moja, na ukitaka kusimama kuliko kukaa, simama.