Mama Mchungaji wa Nani?

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, mwanamke aliyepakata cherehani alikuwa akimfokea jirani yake, muuguzi wa makamo, utadhani ndiye aliyemkosea.

“Dada, mimi Mungu aliniita nihudumu kanisani pamoja na mume wangu. Nikafunga duka langu la ushonaji, nikajifunza kuombea wagonjwa. Leo mchungaji mwenyewe kavua kola, anauza matairi! Eti kachoka, ana hiari yake. Na wito wangu je? Mimi sasa ni mama mchungaji wa nani?”

“Mungu hamfungi mtu kamba, mdogo wangu. Mumeo kachagua.”

“Kachagua lake, kanivurugia langu! Kama Mungu aliliona hilo mapema, aliniitia nini?”

Nilikuwa na jibu zuri sana, la kimahubiri kabisa, lakini cherehani ile ilikuwa ya chuma.

“Kwani uliitwa wewe,” muuguzi aliuliza taratibu, “au aliitwa yeye, ukafuatana naye?”

“Usinitanie! Nimewaambia wote: atakayeniita mama mchungaji tena, siitiki.”

Basi likasimama kituoni. Pale chini, mwanamke aliyebeba mtoto mgonjwa alimwona dirishani, akapaza sauti: “Mama mchungaji!”

“Abee!”

Aliitika kwa nguvu hadi dereva akageuka. Akauma midomo, akanigeukia, akanipakatisha cherehani yake na kushuka mbio, bado anafoka.

Hiari yangu mimi, hakuna aliyeiuliza.