Riwaya Zetu Zimefungiwa Karanga

Mgeni rasmi, shikamoo. Viongozi mliofuatana naye, wanachama na majirani, tunawaamkia kila mmoja kwa nafasi yake.

KUKUKARIBISHA

Sisi wasomaji wa riwaya wa Mbinga tunakukaribisha katika chumba chetu cha kusomea, ambacho leo unakifungua upya. Rangi bado inanukia. Tulipanga kukupokea kwa vigelegele, lakini tangu Jumatatu tumeduwaa, utatuwia radhi.

TULIKOTOKA

Tulianza watu wachache, wakulima wa kahawa na watumishi waliohamishiwa huku wasijue la kufanya jioni. Hatusomei mtihani, tunasoma kwa raha zetu. Anayemaliza riwaya hutumbukiza punje moja ya kahawa kwenye chupa yetu. Desemba tunazikaanga zote, tunazitwanga na kuzinywa pamoja. Hiyo ndiyo hesabu yetu ya mwaka.

MAFANIKIO

Mwaka jana kahawa ilitutosha wote, na wapita njia wakapata. Aliyeongoza ni dada yetu Bonifasia wa Mkumbi. Mumewe, Tadei, alilalamika kwamba mboga zinaungua kwa ajili ya watu wa riwayani ambao hata hawajazaliwa. Siku hizi Tadei naye anasoma, ila anajificha.

YALIYOTUPATA

Chumba kilipofungwa kwa ukarabati mwezi wa tatu, riwaya ziliwekwa stoo. Bonifasia alikuwa ameiacha yake pale mjane anaposikia mtu anabisha hodi. Msimu mzima, akichuma kahawa, alijiuliza ni nani huyo mlangoni.

Jumatatu alikuwa anarudi kutoka Songea. Basi liliposimama Kitai akanunua karanga, akazitafuna, akaikunjua karatasi apate kuitupa. Akamwona mjane wake. Alidhani macho yanamdanganya, mpaka alipouona muhuri wetu pembeni. Alishuka, akanunua karanga zote za yule mama aliyemuuzia, akazimwaga kwenye kanga na kuzipanga karatasi palepale chini. Basi likamwacha. Mlango wa mjane ulikuwa bado haujafunguliwa, maana ukurasa unaofuata alikuwa ameuziwa mtu mwingine.

Alirudi akaziweka karatasi mezani. Hapo ndipo Ndugu Ladislaus, katibu wa maandalizi ya ziara yako, aliposimama. Ni mtu mwema.

"Vitabu vilikuwa havina majalada," alisema. "Niliona aibu mgeni avikute."

Wiki iliyopita alikuwa amesafisha stoo, akavitoa vyote kama karatasi chakavu. Hatumwiti mwizi, maana alitaka kukuheshimu. Ndiyo sababu tumepigwa na butwaa, Mgeni rasmi: tumeumia, na hatuna wa kumkasirikia.

CHANGAMOTO

Rafu ni mpya na tunashukuru kwa dhati. Vitabu vinene unavyoviona juu yake ni taarifa za miaka iliyopita, tumeziazima ofisini ili usikute rafu tupu. Zinarudishwa jioni hii.

MAOMBI

Tunaomba riwaya. Za zamani tutazipokea, hata zisizo na majalada tutazipokea kwa mikono miwili. Na tunaomba usafi wa kukupokea wewe usifike tena kwenye vitabu.

Bonifasia ana ombi lake, na amesisitiza lisomwe. Barabara yako inapita Kitai. Ukinunua karanga, tafadhali isome karatasi kabla hujaitupa. Anautafuta ukurasa wa mia na kumi na tatu.

MWISHO

Jana tuliimwaga chupa ya mwaka huu. Punje zimetoa kikombe kimoja tu, nacho ndicho hicho kilicho mbele yako. Sisi hatutakunywa. Karibu, ukinywe mpaka mwisho, maana riwaya zetu wenyewe hatukuzimaliza.

Mungu akufikishe nyumbani salama, na akupe jioni tulivu ya kusoma unachokipenda.

Ni sisi,
Kikundi cha Wasomaji Punje Moja, Mbinga.