Mchumba Kwenye Video Isiyo na Sauti

Kwenye benchi la kona, mbele ya duka la viatu, Mama Kahawa alimimina vikombe vitatu. Miguu ilimuuma tangu alfajiri, na sasa hili. Jana Breki, dereva, akicheza karata na Kinyozi na Profesa kwenye roshani ya Profesa, alimrekodi mchumba wa binti wa Mama Kahawa akipita barabarani. Simu yenyewe mbovu, hairekodi sauti. Kijana ni fundi vioo, aliacha pombe kwa ajili ya uchumba huo, na Mama alishasema: akinywa tena, pete inarudi.

— Mwoneni, akasema Breki akiwaonyesha video. Anakwenda kiubavuubavu kama kaa.

— Na jana siku ya mapumziko, akadakia Kinyozi. Kazini hakuwepo. Hiyo bia.

— Bia gani ya kumkumbatisha mtu hewa? Shavu kalilaza kabisa. Hiyo pombe kali, akasema Breki.

— Nyie hamjui kitu, akasema Profesa, ambaye shule aliiacha njiani. Huyo kanywa mvinyo wa ghali. Ona anavyopiga goti mlangoni. Mvinyo unaleta adabu.

— Anauomba mlango msamaha.

— Anauposa, akasema Breki. Mama, binti yako kapata mke mwenza.

Wakacheka. Mama Kahawa hakucheka. Namba ya bintiye ilikuwa tayari kwenye simu yake. Bado kubonyeza tu.

Mwanamke mgeni, mtoto mgongoni, akasimama kununua kahawa, akachungulia video.

— Si fundi wangu huyu? Dirisha letu lilivunjika, mtoto anakohoa kwa baridi, nikamsihi aje hivyohivyo ingawa msaidizi wake mgonjwa. Kioo kikubwa kile, kakibeba peke yake. Jana usiku mwanangu kalala vizuri.

Breki akaisogeza simu machoni. Kioo kilikuwa safi mno. Kwa mbali hakikuonekana.

— Na sisi sote watatu pale roshanini tusikione! akasema.

— Kumbe mlikuwa hapo juu wote, mgeni akasema kwa upole. Mbona hakushuka hata mmoja kumshikia upande wa pili?

Profesa akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Kinyozi akatazama viatu dukani.

Mama Kahawa akamjazia mgeni kikombe mpaka juu, akakataa pesa yake.

— Ahsante, mwanangu. Hujui umenisaidia nini.

Kisha akabonyeza.

— Mwambie mkwe wangu jioni aje kula. Na mwambie nashukuru.

— Kwani kafanya nini, mama?

— Kafanya kazi.