Historia ya Binti Yetu, Mfungua Nyumba

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni shangazi wa marehemu, nasoma badala ya kaka yangu ambaye sauti imemkauka kwa kilio, na mkinisikia nafoka msinishangae, kwa sababu haya niliyaandika nikiwa na hasira na mpaka sasa sijapoa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1999, kitinda mimba katika watoto wanne, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 2006 hadi 2012 na sekondari hadi 2016, ambako walimu walimlalamikia kwa jambo moja tu, kwamba akiulizwa swali hujibu ukweli wote, hata ule ambao hakuulizwa. Mwaka 2019 alipata cheti cha biashara, tarehe 17 Aprili 2021 akafunga ndoa na fundi umeme, huyu mnayemwona ameinama, na Machi 2022 wakajaliwa binti, ambaye tangu juzi anauliza mama atarudi lini.

Tarehe 6 Februari 2023 aliajiriwa kuwa msaidizi katika ofisi ya udalali wa nyumba, kazi aliyoitafuta kwa udi na uvumba, na kazi yenyewe ni kuwatangulia wateja, kufungua madirisha ili harufu ya kufungiwa itoke, kufuta sinki, kuhakikisha taa zinawaka na choo kinavuta maji, hata wenzake wakampa jina la Mfungua Nyumba. Aliipenda kupita kiasi, akasema ipo siku atakuwa dalali kamili mwenye ofisi yake, ingawa wiki ya kwanza tu nusura afukuzwe, maana mteja alimuuliza kama nyumba ina maji, naye akajibu yapo tele, mvua ikinyesha yanatoka ukutani. Meneja alimkaripia mbele ya watu, yeye akaja kwangu akicheka mpaka machozi.

Ijumaa, tarehe 7 Juni 2024, nyumba moja ilipulizwa dawa ya kunguni, sumu kali, mafundi wakafunga kila dirisha na kubandika mlangoni karatasi ya kukataza mtu yeyote asiingie hadi Jumapili. Jumamosi asubuhi meneja akampigia simu marehemu awahi kuifungua nyumba hiyohiyo, wateja wako njiani, naye akaenda mbio kama ilivyokuwa kawaida yake. Alikutwa ameanguka chumba cha mwisho, madirisha ya sebuleni yote yakiwa wazi, akalazwa, mapafu yakashindwa, na Alhamisi, tarehe 13 Juni, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano.

Sasa ofisi inatangaza kwamba karatasi ilikuwepo na yeye akaipuuza kwa uzembe wake, na jana tukaombwa, kwa lugha tamu na shada kubwa la maua, eti historia hii iseme aliugua ghafla. Shada limerudi lilikotoka. Hakuugua ghafla, na mzembe hakuwa: dereva wa ofisi amesimama mbele ya familia nzima akaeleza kwamba Ijumaa jioni alimwona meneja kwa macho yake akiibandua karatasi ile, akisema wateja wakisikia habari za kunguni watakimbia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia mpaka pumzi ya mwisho, majirani waliopika na kulala nasi, wafanyakazi wenzake, na kwa namna ya pekee dereva huyo, ambaye kwa kusema aliyoyaona hana kazi tena. Meneja hatumshukuru. Yupo hapa, mstari wa pili, na suti yake nyeusi, ameomba nafasi ya kutoa rambirambi, na familia imekubali, ila asituanzie na pole, aanze kwa kutuambia nani alibandua karatasi.

Lala kwa amani, binti yetu, huna doa. Meneja, simama, kipaza sauti hiki hapa.