Kadi za Njano za Mama Foleni

Baada ya miaka thelathini na mitatu nyuma ya dirisha la masjala ya Kitivo cha Sayansi ya Jamii, Mama Foleni anastaafu tarehe 30 Juni. Nimeombwa nimwandikie kwa upole. Nitajaribu, ila sina uzoefu.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Hana shahada. Naliandika hilo waziwazi kwa sababu wapo watakaolinong'ona baadaye kwenye vinywaji. Aliketi nyuma ya kioo chenye tundu la kupitishia mkono, akigonga mihuri na kutazama watu wakisubiri. Wahadhiri walisoma vitabu kuhusu mamlaka. Yeye aliyaona mamlaka yakipanga mstari kila asubuhi.

Mwaka wake wa saba alikabidhiwa Siku ya Wageni, ile ya kuwapokea wanafunzi wa sekondari wanaofikiria kujiunga nasi. Kabla yake walihutubiwa mpaka wakasinzia. Yeye alibeba meza hadi chumba namba nne, akatangaza kwamba kila mgeni lazima agongewe mhuri kwenye fomu yake, akagawa kadi za bluu na za njano bila maelezo. Wenye bluu walihudumiwa papo hapo. Wenye njano waliambiwa warudi nyuma, walete picha, wasubiri kidogo. Nusu saa baadaye wenye bluu walishaanza kuwaona wenzao wazembe. Msichana mmoja wa njano alimgeukia rafiki yake aliyekuwa akicheka: "Cheka tu, mwenzangu. Kama vile hiyo kadi uliizaa wewe."

Ndipo Mama Foleni akafunga dirisha, akatoka, akauliza swali moja: nani ametunga sheria hii, na kwa nini mmeitii?

Huyo aliyekuwa akicheka ni mimi. Nilikuja siku ile nikitaka kusomea uhasibu. Wahadhiri wengine wawili wa kitivo hiki nao walitoka kwenye foleni hiyo hiyo.

Miaka minne iliyopita mkuu wa kitivo alikuja kukagua, na hakuna aliyemweleza kinachoendelea. Alipita foleni nzima, akapenyeza fomu yake kwenye tundu. Mama Foleni akaigonga bila kumuuliza kadi. Wakati wa majadiliano wanafunzi themanini walimtumia kama mfano, naye yupo, ameketi safu ya mbele.

Wiki iliyofuata ukaja waraka: shughuli zisizo na staha zisitishwe, wageni waoneshwe filamu ya dakika kumi na nne. Mama Foleni ni mtumishi mtiifu. Filamu ilioneshwa. Ila kuingia ukumbini kulihitaji kadi, na mlangoni palikuwa na meza. Kwa namna hiyo waraka umetekelezwa kikamilifu hadi leo, na wanafunzi wakiulizwa kuhusu filamu hawakumbuki hata rangi yake.

Sasa tunaambiwa kwamba akiondoka yeye, meza nayo iende stoo. Haiendi. Wahadhiri tisa tumesaini kukaa mlangoni kwa zamu. Anayetaka kutuandikia barua za onyo aziandike. Masjala inajua ofisi zetu zilipo. Chuo kinachoogopa kijana wa miaka kumi na minane akiuliza sheria imetoka wapi hakina haja ya kitivo chetu, kina haja ya uzio.

Wewe unayesoma, programu hii ya hafla ya kumuaga umepewa mlangoni pamoja na kadi. Kama ni ya njano, umesimama muda mrefu, pole. Kadi zilichanganywa na mama mwenyewe, macho ameyafumba, kwa hiyo ninapoandika sijui mkuu wa kitivo ataangukia rangi gani. Angalia alipoketi. Angalia na ulipoketi wewe. Kisha jiulize lile swali.

Asante, Mama Foleni. Nenda kapumzike na mzee wako na wajukuu, na popote utakapofika upokewe bila kuambiwa urudi nyuma. Meza tunayo sisi.