Pazia la Bi Mize

Gari la abiria la kwenda Mpendae lilikuwa nusu tupu, kwa hivyo nilisikia kila kitu, na nilijitahidi kidogo tu. Mama mmoja, aliyejitaja kuwa Bi Mize wa Kikwajuni, alikuwa akimlalamikia mzee aliyekaa naye. "Yule Tahera anayepamba nyumba za watu kwenye televisheni, alikuja kwangu. Kang'oa pazia la ukumbini, ati nyumba ipumue. Sasa kila anayepiga hodi ananiona mpaka jikoni! Nnapika na buibui, ndani ya nyumba yangu!"

"Lakini mwanga si umeingia?"

"Umeingia, na macho ya watu yameingia nao."

Mzee aliinyoosha kofia yake. "Tahera binti yangu. Alianza kwa kupanga vitambaa dukani kwangu. Leo anaangaliwa na kisiwa kizima."

"Mashaallah," alisema Bi Mize, bila ya kuona haya hata chembe. "Na mimi pia naangaliwa na kisiwa kizima. Hebu niambie, mzee wangu, nyumbani kwake pazia kalitoa?"

Gari lilisimama. Mzee alishuka upesi kuliko umri wake, kisha akamjibu kupitia dirishani: "Kwake watu wa televisheni bado hawajenda kupiga picha."