Binah Ravelle, Aliyekaa Pale Pale

Marehemu Binah Ravelle alizaliwa Septemba 1846, wakati wa kuvuna mpunga, katika shamba la familia ya Ravelle nje ya Georgetown, Karolina Kusini, Marekani. Siku yenyewe hakuna aliyejisumbua kuiandika. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Hagar, mpishi. Dada yake, Phibby, ndiye aliyembeba mgongoni, na kumchapa pia alipostahili.

Shuleni hakupelekwa, maana sheria ilikataza mtumwa kufundishwa kusoma. Aliyojua aliyasikia akiandaa meza ya mabwana. Desemba 1860, baada ya urais kumwendea mtu asiyetaka utumwa uenee magharibi, ndugu wawili wenye shamba, Edmund na Josias, waligombana hadi wali ukapoa.

"Leo wanatukataza kwenda na watumwa magharibi, kesho watatunyang'anya hawa hawa!" Edmund alifoka. "Karolina ijitoe kwenye Muungano, yaishe!"

"Jitoeni muone," alijibu Josias. "Mtaleta vita, na vita ndivyo vitakavyokunyang'anya."

Binah, aliyekuwa amesimama hapo na bakuli mkononi, hakuulizwa.

Tarehe 20 jimbo likapiga kura kujitoa, na ndugu wale nao hawakuwezana tena. Waligawana mashamba, ng'ombe na watu. Josias aliupenda Muungano, lakini si kiasi cha kumwachia mtu uhuru wake. Januari 1861 alihamia Kentaki, jimbo la utumwa lililobaki kwenye Muungano, na Phibby, mwenye miaka kumi na saba, alikuwa katika fungu lake.

"Nyamaza we, kamasi hizo," Phibby alimwambia mdogo wake kutoka garini. "Nitarudi. We kaa hapa hapa, nijue pa kukukuta."

Aprili mizinga ikalia bandarini Charleston. Vita vilichukua miaka minne na watu wasiohesabika.

Uhuru ulifika Georgetown Machi 1865, na kila mtu akajichagulia jina. Binah alijiita Freeman, yaani mtu huru, akatamba nalo siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alirudi mbio kwa askari aliyekuwa akiandikisha watu.

"Lifute hilo. Niandike Ravelle."

"Jina la bwana wako? Binti, una akili kweli?"

"Dada yangu atakuja kuulizia Ravelle. Freeman hamjui."

Alilichukia jina hilo hadi mwisho, na hakuliacha. Alijifunza kusoma akiwa na miaka ishirini, na neno la kwanza aliloandika ni Phibby. Kila Pasaka alipeleka tangazo kwenye gazeti la kanisa, ili wachungaji wa Kentaki wamsomee dada yake kutoka mimbarini. Kwa miaka arobaini hakuna aliyejibu.

Alikuwa mpishi na dobi. Mwaka 1868 aliolewa na seremala Titus Bryan, ambaye sasa ni marehemu, lakini Binah akakataa jina la mumewe.

"Watu wananiuliza kama nimeoa au nimepangisha chumba," Titus alilalamika.

"Waambie umeoa mtu mwenye miadi."

Mara mbili Titus alipata kazi nzuri Savannah. Mara mbili Binah alikataa kuhama, na Titus akabaki naye.

Februari hii alishikwa na kichomi. Bintiye Lavinia, anayesoma haya, aliona aibu tangu utoto kuitwa mtoto wa Ravelle, na pale kitandani alibishana naye kwa mara ya mwisho.

"Kwenye jiwe la kaburi mtaandika nini?" mama aliuliza.

"Bryan, mama. Jina la baba. Sasa pumzika."

"Na Phibby akija? Atapita kaburi langu kama la mgeni?"

Lavinia bado anajuta kwamba alibisha. Mama alifariki Alhamisi, tarehe 3 Machi 1910, asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitatu, uso wake ukielekea mlangoni. Tutamkumbuka sana.

Ameacha binti, Lavinia, mwana, Cudjo, wajukuu watano, na dada yake, Phibby, mwenye miaka sitini na sita, wa Kentaki au popote alipo.

Dada Phibby, jiwe limeandikwa Ravelle. Yuko hapa hapa ulipomwambia akae. Zamu ya kukungoja tumeipokea sisi. Yeye na apumzike.